Seva haikujui: sesheni na data za fomu, nini kinakaa wapi na kwa muda gani

Watu wengi wanaoanza kutengeneza tovuti wana picha kichwani kwamba mtu akishafungua peji basi yeye na seva wameunganishwa moja kwa moja, kama simu iliyopigwa na haijakatwa bado. Hapana. Brauza inatuma ombi, seva inajibu, habari imeisha hapo. Ombi linalofuata, hata kama limekuja sekunde moja baadae kutoka kwa mtu yuleyule, kwa seva ni mgeni kabisa ambaye haijawahi kumuona. Ni kweli ule muunganiko wenyewe unaweza kubaki wazi kwa muda ili maombi kadhaa yapite hapohapo, lakini hiyo ni njia tu ya kupitishia, haibebi kumbukumbu ya nani ni nani.

Na HTTP, yaani lugha ambayo brauza na seva zinaongea, ilitengenezwa hivyo makusudi. Seva isiyokumbuka mtu ni nyepesi, inahudumia watu wengi, ikizimwa na kuwashwa hakuna kilichopotea. Shida ilikuja pale watu walipotaka kufanya vitu vinavyohitaji kukumbukana, mfano kununua. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya brauza ya enzi hizo, ndo akaja na kuki, kile kipande kidogo cha data ambacho seva inaipa brauza iitunze na kuirudisha kila ikija, na moja ya sababu ni kwamba kulikuwa na mteja anayetaka duka la mtandaoni ila hataki seva zake zijae manunuzi yaliyoishia njiani, kwa iyo wazo likawa yale mambo ya nusunusu yakae kwenye kompyuta ya mnunuzi mwenyewe. Inachekesha kidogo ukifikiria tulipofika leo, manake sesheni nyingi za siku hizi, yaani ile kumbukumbu ya mtu mmoja kati ya ombi na ombi, zinafanya kinyume chake: data inakaa kwenye seva, na kuki inabeba namba tu.

Hebu tuione hiyo namba kwa karibu. Peji ya PHP (lugha ya programu inayofanya kazi upande wa seva) inapoita session_start() kwa mara ya kwanza, jibu linalorudi kwenye brauza linakuwa na mstari kama huu:

Set-Cookie: PHPSESSID=5e0c19a7b4d2f86310c7e9a2d54b7f18; path=/

Kuanzia hapo kila ombi ambalo brauza inatuma kwenye tovuti hiyo linabeba mstari huu bila mtu yeyote kuombwa chochote:

Cookie: PHPSESSID=5e0c19a7b4d2f86310c7e9a2d54b7f18

Na kule kwenye seva, kama hujabadilisha mpangilio, kuna faili linaloitwa sess_5e0c19a7b4d2f86310c7e9a2d54b7f18, ukilifungua unakuta kitu kama mtumiaji_id|i:42;lugha|s:2:"sw"; na basi. Hakuna kingine cha ajabu. Sesheni ni faili, au mstari kwenye databesi, lenye jina ambalo brauza inalitaja kila ikija. Django (mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python, kama ilivyo Flask) kwa kawaida inaweka kwenye jedwali la django_session, Flask yenyewe inaweka data yote ndani ya kuki na kuigonga sahihi ili isibadilishwe (ila kuisoma mtu anaweza, kwa iyo usiweke siri humo), lakini wazo ni lilelile.

Kwa sababu namba inasafiri kwenye heda, yaani ile mistari ya maelezo kama Set-Cookie, na heda zinatangulia mwili wa jibu, ndo maana session_start() lazima iitwe kabla peji haijatoa herufi hata moja. Nafasi moja tupu juu ya <?php inatosha kukuletea lile kosa la "headers already sent" ambalo limewatoa jasho watu wengi sana, na mbaya zaidi ni ile alama isiyoonekana ambayo baadhi ya programu za kuandikia zinaiweka mwanzoni mwa faili la UTF-8. Unaangalia faili huoni kitu, kumbe kipo.

Sasa tuje kwenye fomu. Data ya fomu yenyewe haina makazi. Inasafiri mara moja tu, kutoka kwenye brauza kwenda kwenye seva, ndani ya ombi moja, na ombi likiisha nayo imeisha isipokuwa wewe mwenyewe umeiweka mahali. Ikitumwa kwa GET inakaa kwenye anwani juu kule, itaonekana kwenye historia ya brauza na kwenye logi za seva (daftari linaloandika kila ombi), kwa iyo ni nzuri kwa kutafuta na kuchuja na mbaya kabisa kwa neno la siri. Ikitumwa kwa POST inakaa kwenye mwili wa ombi, kitu kama jina=Asha&maoni=Nimeipata%2C+asante, nafasi imegeuka kuwa alama ya kujumlisha na koma imegeuka kuwa %2C. Watu wanadhani POST ni salama zaidi kwa maana ya siri, hapana, bila HTTPS (HTTP iliyofichwa kwa usimbaji) inasomeka vilevile njiani.

Na kuna mambo madogomadogo ya fomu ambayo usipoyajua utahangaika. Kinachotumwa ni kile chenye name, sio id, kwa iyo ukisahau kuandika name ile sehemu haifiki kabisa na hakuna kitakacholalamika. Kiboksi cha kutiki ambacho hakijatikiwa hakitumwi kama "hapana", hakitumwi kabisa, yaani kwenye seva huwezi kutofautisha kati ya mtu ambaye hakutiki na fomu ambayo haikuwa na hicho kiboksi. Sehemu uliyoiwekea disabled nayo haitumwi, ukitaka ionekane ila isibadilishwe tumia readonly, na hata hiyo readonly ni ya kumsaidia mtu mwema tu. Fomu ya kupakia picha isipokuwa na enctype="multipart/form-data" inatuma jina la faili bila faili lenyewe.

Ila kuna ishu moja ya PHP ambayo naona haisemwi vya kutosha. Mtu akipakia kitu kikubwa kuliko post_max_size, ambayo kwa kawaida ni MB 8, basi $_POST na $_FILES, pale PHP inapokuwekea data ya fomu na mafaili, zote zinakuja tupu. Tupu kabisa! Onyo linaandikwa kwenye logi, lakini kodi ya programu yako yenyewe inaona kama vile mtu hakujaza chochote, kwa iyo inamjibu "tafadhali andika jina lako" wakati jina ameandika vizuri tu na kosa lake ni picha nzito. Na fomu kubwa zenye mistari mingi, zile za kurekebisha vitu mia kwa mpigo, zinagonga kwenye max_input_vars ambayo ni 1000, zinazozidi hapo zinakatwa tu, kwa iyo unahifadhi nusu ya kazi ya mtu na unamwambia imefanikiwa. Angalia mwenyewe: kama ombi ni POST, heda ya Content-Length ina namba kubwa, na $_POST ni tupu, basi mwambie ukweli kwamba faili limezidi kiwango.

Haya, vitu viwili hivi vinapokutana ndo matatizo mengi yanazaliwa, na mimi naona mengi yanatatuliwa kwa kutenganisha maswali mawili. Sesheni inajibu huyu ni nani. Fomu inajibu anataka nini. Usiruhusu fomu ijibu la nani, na usiitumie sesheni kubeba la nini.

Tuanze na la kwanza. Fomu ya kubadilisha wasifu ina sehemu iliyofichwa, <input type="hidden" name="mtumiaji_id" value="42">, na kodi upande wa seva inachukua hiyo 42 na kufanya UPDATE (amri ya kubadilisha data kwenye databesi). Mtu yeyote anafungua vifaa vya mtengenezaji kwenye brauza yake, anabadilisha 42 kuwa 43, anabonyeza tuma, ameshabadilisha wasifu wa mtu mwingine. Iliyofichwa maana yake haionekani kwenye peji, haimaanishi imefungwa. Bei ya bidhaa ukiweka humo ataandika bei anayoitaka yeye. Orodha ya kuchagua yenye vitu vitatu haimzuii kutuma cha nne. Ukaguzi wa JavaScript ni mzuri kwa sababu unamwambia mtu kosa lake haraka bila kusubiri, lakini mwenye nia mbaya hatumii hata brauza, anatuma ombi lake kwa curl (programu ya kutuma maombi kwa kuandika amri) na ile JavaScript yako haijawahi kufanya kazi hata sekunde moja. Kwa iyo ukaguzi wa kweli unafanyika kwenye seva, kila mara, na nani anachukuliwa kutoka kwenye sesheni, na bei inachukuliwa kutoka kwenye databesi.

La pili ni gumu zaidi kuliona kwa sababu ukijaribu mwenyewe linafanya kazi vizuri tu. Msimamizi anafungua bidhaa namba 7 ili airekebishe, kodi inaweka $_SESSION['bidhaa_id'] = 7, anaonyeshwa fomu. Akiwa hapo anakumbuka kitu, anafungua dirisha jingine la brauza, anaangalia bidhaa namba 9, sasa kwenye sesheni kuna 9. Anarudi kwenye dirisha la kwanza, peji bado inamuonyesha maelezo ya 7, anamalizia kuandika, anahifadhi. Seva inasoma sesheni, inakuta 9, inachukua maelezo ya 7 na kuyaandika juu ya 9. Bidhaa moja imeharibika na hakuna kosa lolote lililoonekana popote. Siku ikigundulika, kila mtu anaapa hajaigusa, na wanasema kweli.

Sababu yake ni kwamba sesheni ni ya brauza nzima, sio ya dirisha moja wala fomu moja, madirisha yote yanabeba kuki ileile. Kwa iyo namba ya kitu kinachorekebishwa ikae kwenye anwani au ndani ya fomu yenyewe, na seva ikiipokea iulize swali la ruhusa: je, huyu aliye kwenye sesheni anaruhusiwa kuigusa hii namba 7? Hivyo fomu imesema nini, sesheni imesema nani, databesi imesema kama inaruhusiwa. Fomu ya hatua nyingi nayo ni hivyohivyo, zile za hatua ya kwanza majina, ya pili anwani, ya tatu malipo. Wengi wanarundika kila hatua kwenye sesheni. Kwa fomu fupi inavumilika, ila kwa kitu cha maana tengeneza rasimu kwenye databesi, ipe namba isiyokisika, ipitishe hiyo namba toka hatua moja hadi nyingine, mtu akifungua mara mbili anapata rasimu mbili zisizogongana, na akirudi kesho anaikuta.

Alafu kuna rifreshi. Mtu katuma fomu, seva imehifadhi na palepale ikachora peji ya "asante, tumepokea". Akirifreshi hapo brauza inataka kurudia ombi la mwisho, ambalo ni ile POST, inamuuliza kama anataka kutuma tena, yeye anabonyeza ndiyo bila kusoma, oda zimekuwa mbili. Dawa yake ni ya siku nyingi: ukishahifadhi usichore peji, mjibu kwa kumuelekeza kwenye anwani nyingine kwa msimbo 303, brauza inaenda huko kwa GET, na akirifreshi hata mara ishirini anarifreshi GET tu. Ule ujumbe wa asante unauweka kwenye sesheni, peji mpya inausoma, inauonyesha na kuufuta papo hapo. Hapa sesheni inafaa kabisa, kitu kidogo kinachoishi ombi moja tu mbele.

Fomu ikiwa na makosa mrudishie alichoandika, hilo ni la adabu, hakuna kinachochosha kama kujaza upya sehemu kumi na tano kwa sababu ya namba moja ya simu. Ila unapomrudishia, kila thamani ipitishe kwenye htmlspecialchars() kwanza, inayogeuza alama za HTML kuwa maandishi tu, la sivyo mtu ataandika kipande cha skripti kwenye jina na peji yako itakiendesha. Na neno la siri usilirudishe kamwe, wala usiliweke kwenye sesheni.

Ila dawa hiyo ya rifreshi haimzuii mtu anayebonyeza kitufe cha kutuma mara mbili kwa haraka. Kukizima kitufe kwa JavaScript kunasaidia lakini mtandao ukiwa wa kusuasua maombi mawili bado yanaweza kufika. Kinachozuia kwa uhakika ni kuipa fomu namba yake ya pekee inapochorwa, na kwenye databesi safu hiyo ikawekewa UNIQUE (isijirudie), ombi la pili likija databesi yenyewe inalikataa.

Tumeona kuki inajiambatisha yenyewe kila ombi linapoenda kwenye tovuti husika. Hii ni raha ila ndo mlango wa shambulio pia. Ukiwa umelogini kwenye tovuti moja, alafu ukafungua tovuti nyingine ya mtu mbaya ambayo ina fomu iliyofichwa inayojituma kwenda kwenye ile ya kwanza, brauza inaweza kuambatisha kuki yako na seva inaona ni wewe. Kwa iyo kila fomu inayobadilisha kitu iwe na tokeni ya bahati nasibu, yaani herufi zisizokisika, ambayo imehifadhiwa kwenye sesheni na imechapishwa ndani ya fomu, zikija zisipolingana kataa. Tovuti ya mbaya inaweza kutuma ombi lakini haiwezi kusoma tokeni yako. Siku hizi kuna SameSite kwenye kuki, mpangilio unaosema kama kuki iende ombi likitoka tovuti nyingine, na Chrome tangu 2020 imeanza kuichukulia kuki isiyosema chochote kama Lax, ambayo inazuia POST nyingi za kutoka nje, lakini mimi siachi tokeni kwa sababu hiyo. Na linki ya kufuta kitu kwa GET, aina ya futa.php?id=7, usiiweke, Lax inaruhusu kuki kwenda pale mtu anapobonyeza linki.

Kuhusu kuilinda namba yenyewe. Anayeijua ndo wewe, seva haina namna nyingine ya kukutambua. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa kiongezi cha Firefox kilichoitwa Firesheep, ukiwa kwenye wifi ya wazi unabonyeza tu na unaingia kwenye akaunti za watu waliokaa karibu, manake tovuti kubwa nyingi enzi hizo zilikuwa zinaweka HTTPS kwenye peji ya kulogini peke yake na baada ya hapo kuki inatembea uchi. Kwa iyo HTTPS tovuti nzima, kuki iwe na Secure ili isitoke bila HTTPS, iwe na HttpOnly ili JavaScript isiisome. Kwenye PHP hivi havijawashwa vyenyewe, washa.

Na hiki ndo kinachosahaulika zaidi: mtu akishathibitishwa neno lake la siri, ita session_regenerate_id(true) hapohapo, inayompa namba mpya na kufuta ya zamani. Usipofanya hivyo, mshambuliaji anaweza kumpachika mtu namba anayoijua yeye kabla hajalogini, na akishalogini wanakuwa wawili kwenye sesheni moja. Wakati wa kutoka nako, session_destroy() inafuta data kwenye seva lakini haifuti kuki kwenye brauza wala haitoi vilivyomo kwenye $_SESSION kwenye ombi lile linaloendelea, hivyo vyote vifute mwenyewe.

Muda wa sesheni unachanganya watu sana. session.gc_maxlifetime kwa kawaida ni sekunde 1440, yaani dakika 24, watu wanasoma hivyo wanadhani dakika ya 25 mtu katolewa. Sio lazima. Namba hiyo inasema faili lililokaa muda huo bila kuguswa linaweza kufagiliwa, na kufagia kwenyewe kunatokea kwa bahati, kwa mpangilio wa kawaida ni mara moja katika mia kila sesheni inapoanzishwa. Kwa iyo kwenye tovuti isiyo na watu sesheni inaweza kuishi masaa, na kwenye yenye watu wengi ikaondoka kwa wakati. Na kama tovuti kadhaa zinatumia folda moja ya sesheni, ile yenye muda mfupi inafagia hadi mafaili ya wenzake, unaongeza muda kwenye yako na watu bado wanatolewa, huelewi kwa nini. Ukitaka muda wa uhakika andika mwenyewe kwenye sesheni saa ya mwisho kuonekana, na kila ombi ulinganishe.

Muda huohuo ndo unaomuumiza mtu anayejaza fomu ndefu, kaa nusu saa unaandika maelezo, unatuma, tokeni imekufa pamoja na sesheni, Laravel (mfumo mwingine wa PHP) itakurushia ile 419, kosa la peji iliyokwisha muda, na maandishi yako hayapo. Hili mimi silivumilii. Fomu ndefu ihifadhi rasimu yenyewe kila baada ya muda, ama kwenye seva ama kwenye localStorage, ile stoo ya brauza yenyewe, kama hakuna cha siri humo na kompyuta sio ya kushirikiana. Au ombi likija bila sesheni hai, mchoree fomu ileile na alichoandika kikiwa ndani, na tokeni mpya, mwambie alogini kisha atume tena.

Kingine cha haraka kwa wa PHP: sesheni ya mafaili inafungwa kufuli ombi moja likiwa linaitumia, mengine yanasubiri. Ripoti inayochukua sekunde 40 inafanya madirisha mengine yote ya mtu huyo yagande yakisubiri, na unaanza kulaumu databesi bure. Ukishasoma unachohitaji ita session_write_close() ili kufuli lifunguliwe. Na ukifika pa kuwa na seva zaidi ya moja, mafaili hayo hayatakuwa yanaonekana kote, ndo watu wanahamia Redis (hifadhi ya haraka inayotumiwa na seva zote) au databesi. Kuhusu JWT, yaani tokeni zenye sahihi zinazobeba data ya mtu zenyewe, zina kazi yake kwenye API (pale programu zinapoongea zenyewe kwa zenyewe), ila kwa tovuti ya kawaida kumbuka kwamba tokeni ukishaitoa huna namna rahisi ya kuifuta kabla ya muda wake, wakati sesheni unaifuta mstari mmoja tu na mtu ametoka.

Yote haya unaweza kuyapima kwenye tovuti yako leo. Fungua fomu, ifungue tena kwenye dirisha la pili kwa kitu kingine, kisha hifadhi la kwanza uone kimeandikwa wapi. Jaza nyingine, nenda kwenye vifaa vya mtengenezaji, futa kuki ya sesheni, kisha bonyeza tuma uone maandishi yako yamekwenda wapi. Badilisha namba kwenye sehemu iliyofichwa. Pakia faili la MB 20. Rifreshi peji ya asante. Toka kwenye akaunti, kisha bonyeza kitufe cha kurudi nyuma, jaza kitu, tuma, na angalia seva inakujibu nini.